Vituo Vinne Njia ya Idsowe

Ningejua ni yeye anayekuja kufundisha, ningeziacha zile pointi za mafunzo ya kila mwaka zipotee na leseni yangu ikae mwaka mzima bila kufanywa upya. Lakini tangazo lililobandikwa karibu na dirisha la dawa lilisema tu kwamba Alhamisi kutakuwa na mafunzo ya siku moja kuhusu mambo mapya katika upasuaji wa mishipa ya damu, mkufunzi anatoka Mombasa, na chai itakuwepo. Beryl, nesi ninayefanya naye kazi kwenye chumba cha vidonda, alinivuta tukae mstari wa pili. Hatujakaa vizuri, mlango wa ukumbi ukafunguliwa, akaingia Levis Kavumbi na kompyuta kwapani.

Miaka mitano. Alikuwa amenenepa kidogo mashavuni na amejifunza kuvaa saa. Mengine yote yalikuwa yale yale, hata ile tabia yake ya kusimama mlangoni na kuangalia chumba kizima kabla ya kuingia. Macho yake yalipita mstari wa nyuma, yakapita wa tatu, yakafika kwangu yakakwama. Sikuyakwepa. Nilimkazia macho mpaka yeye akainamisha kichwa na kuanza kutafuta waya wa projekta.

"Unamjua?" Beryl aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Nilidhani namjua," nikasema. "Tulia tumsikilize."

Beryl hatulii. Ni mtu wa Kulesa na hakuna habari ya mapenzi iliyowahi kumpita huko wala hapa Garsen. Alinitazama, akamtazama Levis, akanitazama tena, na nikajua ameshaelewa.

Nilimpenda mtu yule. Sitaficha. Alikuja hospitali hii akiwa daktari kijana, nami nikiwa afisa wa kliniki niliyetoka chuoni juzi, na mwaka ule mzima sikumbuki siku niliyochelewa kazini. Yeye ni mtoto wa wakulima wa Idsowe, Mkristo. Mimi ni binti wa Mzee Dabaso, mfugaji, mtu wa msikitini, ambaye hakuficha kwamba binti yake ataolewa na mtu wa ng'ombe na wa dini yake. Nilibishana na baba miezi minne. Levis alisema yuko tayari kukaa na shehe, yuko tayari kusikiliza na kujifunza. Mwisho baba akachoka, akasema haya, aje Ijumaa baada ya swala, aje na wazee wake tumsikie.

Ijumaa ile mama yangu Abdia alijaza kibuyu kikubwa maziwa. Shangazi zangu walikuja na nguo zao nzuri. Nilikaa nimejipaka hina mpaka kwenye vifundo vya mikono, nikasikiliza kila gari lililopita. Hakuja. Hakupiga simu, na simu yake haikushika. Maziwa yaliganda ndani ya kibuyu na shangazi zangu wakaondoka mmoja mmoja bila kuniaga. Jumatatu nikaambiwa kazini kwamba daktari ameenda Nairobi kusomea upasuaji.

Sasa alikuwa amesimama mbele yetu na kijiti cha kuonyeshea.

"Leo sikuja kuwafundisha kukata," alianza. "Nimekuja kuwafundisha tusikate. Zamani mshipa wa mguu ukiziba, mgonjwa alikuwa na njia mbili tu: upasuaji mkubwa au msumeno. Siku hizi naingiza waya mwembamba kupitia kwenye kinena, naupitisha hadi palipoziba, na puto dogo linapanua njia. Mgonjwa anaamka na mguu wake, na baada ya siku mbili anaenda nyumbani. Lakini waya wangu haufai kitu kama mgonjwa amecheleweshwa. Na wanaomchelewesha mara nyingi ni sisi. Nani hapa hupapasa mapigo ya mguu kabla ya kufunga kidonda?"

Watu waliinua mikono. Nami nikainua, kwa sababu sikutaka aone mkono wangu umelala.

"Bi Hawo," akasema. Sauti yake ilibadilika kidogo kwenye jina langu, na hilo lilinikasirisha zaidi. "Unapapasa wapi?"

"Juu ya unyayo, na nyuma ya kifundo upande wa ndani."

"Kila mgonjwa?"

"Kila mgonjwa ninayemtilia shaka."

"Na usiyemtilia shaka?"

"Daktari, maishani mwangu niliyeumizwa naye ni yule nisiyemtilia shaka."

Ukumbi ulicheka. Beryl alikohoa ndani ya leso. Levis hakucheka.

"Basi huyo ndiye wa kumpapasa kwanza," akasema, akageukia ukuta.

Picha iliyofuata ilikuwa ya mguu wa mzee. Ngozi iling'aa, haina nywele hata moja, kidonda kimekaa juu ya kifundo, na unyayo umevimba.

"Mgonjwa kama huyu hulalaje?" aliuliza. Akajijibu mwenyewe. "Huuning'iniza mguu nje ya kitanda, au halali kitandani kabisa, anakaa kitini. Ukimuuliza anakwambia anautafutia baridi. Anachotafuta ni damu. Mshipa umeziba, basi anauteremsha mguu ili damu kidogo ishuke. Mguu unaoning'inia usiku kucha utavimba. Sisi tukiona uvimbe tunafanya nini?"

"Tunafunga bendeji ya kukaza," alisema Jefwa kutoka nyuma. Jefwa ni afisa wa kliniki mwenzangu.

"Tunakaza," Levis akakubali. "Tunaziba hata ile njia ndogo iliyobaki. Mwaka huu nimekata miguu sita. Minne kati ya hiyo ilikuwa imefungwa vizuri sana."

Wengine waliandika. Mimi kalamu ilinianguka.

Baba yangu alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya chumba cha vidonda dakika ile ile, akinisubiri nitoke nimfunge mguu. Alhamisi ilikuwa siku yake. Wiki saba nilikuwa nauosha na kuufunga mwenyewe, kwa sababu hataki mwingine. Chanzo cha kidonda ni chuma. Alikuwa na maumivu kwenye kigimbi kila akitembea nyuma ya ng'ombe, na badala ya kuniambia mimi, akamwita Tadicha, jirani yetu, amchome kwa chuma cha moto kama walivyofanya baba zao. Kuchomwa kulimwachia kidonda karibu na kifundo. Nilipokiona nilipandwa na hasira, nikamlaumu Tadicha, nikakilaumu chuma, nikawahubiria wote wawili kwamba mimi nimesoma. Ile hasira ndiyo iliyonifunga macho. Niliona mahali chuma kilipopita, sikuuliza maumivu yaliyokileta chuma yalitoka wapi. Mama aliponiambia baba analala kitini na mguu uko chini, nilisema mguu umevimba kwa sababu ya kukaa. Nikakaza bendeji.

Nilisimama.

"Bi Hawo, hatujamaliza," Levis akasema.

Sikumjibu. Nilipita mbele ya picha yake, kivuli changu kikauziba ule mguu ukutani, nikatoka.

Baba aliponiona alianza kuvua kiatu. Nilipiga magoti kwenye saruji pale pale nikaikata bendeji kwa mkasi. Nikaweka vidole juu ya unyayo. Hakuna kitu. Nyuma ya kifundo, hakuna kitu. Mguu ulikuwa wa baridi saa nne ya asubuhi, Garsen, ambako hata saruji ina joto.

"Mbona hufungi?" baba akauliza.

"Sijanywa chai, baba."

Nilirudi ukumbini watu wakiwa wamezunguka birika na sahani ya mahamri. Levis alikuwa amesimama peke yake karibu na dirisha na kikombe mkononi.

"Nina mgonjwa," nikamwambia.

"Nimeona ulivyotoka. Hawo, nilitaka kukwambia..."

"Nimesema nina mgonjwa. Sikusema nina nafasi ya kukusikiliza."

Aliweka kikombe chini. "Ni nani?"

"Baba yangu."

Alitazama mlango niliotokea.

"Atakubali nimguse?"

"Hatakubali. Na mimi sipendi umguse. Njoo."

Tulimlaza baba kitandani kwenye chumba cha vidonda, kichwa juu, mguu ukining'inia pembeni alivyotaka mwenyewe. Beryl alishika pazia. Baba alimtambua Levis kabla hajafika kitandani, akageuza uso ukutani.

"Shikamoo, mzee," Levis akasema.

Salamu ilikaa pale bila mwenyewe.

"Hakuna daktari ingine?" baba aliniuliza mimi.

"Wa kazi hii yuko Mombasa, mzee," Levis akajibu taratibu. "Na ukifika huko utanikuta ni mimi."

"Baba," nikasema, "mguu wako unakufa, na mimi ndiye niliyekuwa nauua kwa bendeji. Mwache aangalie. Ukitaka kumchukia, mchukie huku anaangalia. Mimi ndivyo ninavyofanya."

Baba alifumba macho. Ilikuwa ruhusa.

Levis alifanya kazi kama nilivyomkumbuka, bila haraka na bila maneno ya bure. Alipima presha ya mkono, kisha ya kifundo, akaziandika zote mbili. Alitoa kifaa kidogo cha kusikilizia damu, chenye spika, akakipitisha juu ya unyayo. Kimya. Nyuma ya goti, kimya. Alipofika kwenye kinena niligeuka dirishani kwa heshima ya baba, na hapo nikaisikia damu yake, fyuu, fyuu, ikija na kurudi ndani ya spika. Machozi yalinitoka na nikashukuru kwamba natazama nje.

"Hapa ipo, imara," Levis akasema, akachora alama ya kalamu kwenye ngozi. "Mshipa umeziba kwenye paja, chini ya hapa. Mzee, sasa nitakuuliza maneno, na nijibu ya kweli, kwa sababu nataka kujua mshipa huu una muda gani. Mara ya kwanza mguu kukusimamisha njiani ilikuwa lini?"

"Zamani."

"Kabla ya mwaka jana?"

"Mbele ya mafuriko. Zamani."

"Ulikuwa unatembea mbali?"

Niligeuka. Baba alikuwa amefungua macho na ananitazama mimi, na sikuwahi kumwona baba yangu akiniangalia namna ile.

"Ulikuwa unaenda wapi, mzee?" Levis aliuliza, kichwa kikiwa kwenye karatasi.

"Idsowe."

Kalamu ya Levis ilisimama.

"Idsowe kufanya nini?" Mimi ndiye niliyeuliza. Baba hana ng'ombe Idsowe, hana mkwe, hana rafiki.

"Tuishie hapo," Levis akasema haraka. "Muda nimeupata, mzee. Inatosha."

"Daktari ameuliza," baba akasema. "Mgonjwa anajibu. Ilikuwa Alhamisi. Kesho yake ndiyo Ijumaa ile ya wageni. Mimi nilienda na mguu, sikutaka mtu ya gari kuniona. Mguu ikanikamata hapa nyuma, nikasimama. Ikaachilia, nikaenda. Mara nne nilisimama. Nikafika kwa baba yake huyu. Nikamkuta huyu mwenyewe, nikamwambia, kesho usije. Msichana amekubali mtu ingine, mtu yetu. Ukija utaona aibu."

Beryl aliachia pazia.

Nilishika ukingo wa beseni la kunawia. Nilikumbuka hina ilivyokaa wiki mbili mikononi kabla haijafutika, na jinsi nilivyokuwa nawatibu watu nimeficha mikono ndani ya glavu. Na baba aliniona. Kila siku ya wiki zile mbili aliniona.

"Wewe ulijua," nikamwambia Levis. "Miaka mitano ulijua alikuja kwenu."

"Nilijua alikuja. Sikujua ni uongo mpaka sasa hivi."

"Ukaamini."

"Hawo, mzee mwenye mvi amefika kwetu kwa miguu saa saba ya jua. Amekaa mkekani anahema, ameshika kigimbi, hata maji amekunywa kwa shida. Ningemwambia anadanganya?"

"Hukuhitaji kumwambia kitu. Ungeniuliza mimi."

"Niliogopa jibu."

"Simu ukazima."

"Niliogopa jibu," akarudia, safari hii polepole. "Nilisema bora niende na heshima kidogo."

"Yako. Yangu uliiacha kwenye kibuyu mpaka ikaganda."

Nilitaka aseme, nilitaka anipe neno la kulirarua, na yeye akasimama tu na ile kalamu. Bado nilimpenda. Hilo lilinijia pale pale, katikati ya harufu ya dawa ya vidonda, na lilinifanya nimchukie mara mbili.

"Nisikilize," nikasema. "Huyu baba yangu alikuwa na mguu mmoja unaokufa. Alitembea nao mpaka Idsowe, akasimama mara nne, akafika, ili atutenganishe. Wewe ulikuwa na miguu miwili mizima, na njia ni ile ile. Hukutembea hata mara moja kuja kuniuliza."

Aliangalia viatu vyake. Baba naye alianza kusema, "Hawo, mimi nilifikiri..."

"Baba, na wewe tutaongea," nikamkata, jambo ambalo sijawahi kufanya. "Lakini ukiwa na miguu miwili. Daktari, mguu unaokoleka?"

"Unaokoleka," Levis akasema. Sauti yake ilikuwa ya kazi tena, na nilishukuru. "Nyama bado iko hai. Lakini awe Mombasa kesho, isipite kesho. Bendeji iwe nyepesi, isikazwe. Mguu usiinuliwe. Kama anatumia tumbaku, aiache leo. Mimi nitamfanyia Jumamosi asubuhi, kama atakubali."

Tulimtazama baba. Alikuwa anaitazama ile alama ya kalamu kwenye ngozi yake.

"Atafanya," alisema mwisho. "Yeye anajua kazi."

Mchana nilirudi kwenye mafunzo. Nilikaa mstari wa mwisho, nikaandika kila neno kuhusu waya na puto, sikuinua mkono tena. Saa kumi walitugawia fomu za kutathmini siku, zisizo na jina. Swali la mwisho liliuliza mkufunzi aboreshe nini. Niliandika: "Anajua kufundisha. Hajui kuuliza." Nikaitumbukiza kwenye sanduku, nikachukua cheti changu chenye sahihi yake, nikampeleka baba nyumbani.

Nyumbani hatukuongea. Mama aliniona uso, akamwona baba uso, akaelewa kwamba kuna kitu kimefukuliwa. Alimuuliza baba peke yake kule nyuma, na aliporudi alikuwa amefunga midomo. Alimwekea baba chakula chini, mbali kidogo na mkono wake, akaondoka. Sijaona mama yangu akifanya hivyo katika maisha yangu yote.

Asubuhi ya Ijumaa ambulensi ilikuwa ije saa mbili. Saa mbili kasorobo nilikuwa nje nakunja shuka za baba, naye amekaa kitini mguu ukiwa chini, nilipomwona mtu anakuja kwa miguu kutoka upande wa barabara ya Idsowe. Nilimjua kwa mwendo kabla sijamwona uso. Shati lilikuwa limelowa mgongoni na viatu vile vya Mombasa vilikuwa vimejaa vumbi mpaka kwenye soksi. Alisimama kwenye uwazi wa ua, akaangalia boma lote kwanza, kama kawaida yake.

Mama alitoka jikoni, akamwona, akabaki amesimama na mwiko.

"Gari yako iko wapi?" nikauliza.

"Idsowe, kwa mama. Nimelala huko."

"Imeharibika?"

"Nzima." Alitoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne. Ilikuwa fomu yangu.

"Fomu hazina majina," nikasema.

"Mwandiko naujua."

Alikuja mpaka hatua tatu kutoka nilipokuwa, akasimama hapo, hakusogea zaidi. Hakumtazama baba. Hakutafuta maneno matamu, na angeyatafuta ningemrudisha alikotoka na vumbi lake. Pumzi ilikuwa bado haijamtulia.

"Nimekuja kuuliza," akasema.

"Uliza."

"Hawo, siku ile ulikuwa umekubali mtu mwingine?"

Baba aliinamisha kichwa. Mama hakutikisika. Swali lile nililingoja Ijumaa nzima ya miaka mitano iliyopita, nikalingoja na Jumamosi yake, na kwa muda mrefu baada ya hapo nililingoja bila kujikubalia kwamba nangoja. Nilidhani likija nitapiga kelele.

"Hapana," nikamjibu.

Aliitikia kwa kichwa, mara moja, akafuta uso kwa mkono wa shati. Barabarani ambulensi ilikuwa imeshapiga honi. Nilimtupia shuka moja akaidaka.

"Shika baba upande ule tumpandishe," nikamwambia. "Na mguu usiuinue."